Uso wa Mama Mukwe Chini ya Jeep

Kolwezi, mwezi wa tisa, kabla ya mvua

Kwa Tata Mukwe Barnabé Mukuna,
Kapata

Kuhusu: kifuniko cha nyuma, na ombi la ruhusa ya kumtazama Mama

Tata ninayekuheshimu kupita nafasi iliyopo kwenye karatasi hii,

Mimi mukwe wako Alfani Sadiki, mume wa Henriette, nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha mbele cha jeep isiyokwenda popote. Ningeweza kuja kwako na kusema haya kwa mdomo, lakini unanijua: nikifika mlangoni pako ulimi unakufa, nakula bukari, nasema asante, narudi na shida zangu zote kama nilivyokwenda nazo.

Unakumbuka jiwe la njia ya Sandoa lilivyopasua kifuniko cha diferensheli, ile sahani ya chuma iliyo nyuma ya ekseli, inayozuia mafuta ya gia yasimwagike. Nilihitaji kifuniko kingine, na hapo ugonjwa wangu ukaanza, maana mimi nikipewa vitu viwili vya kuchagua huuliza kama kuna cha tatu. Cha tatu kilikuwepo. Kulikuwa na cha chuma cha kusubu, kinene na kizito; jiwe likikigonga, linaloumia ni jiwe. Kulikuwa na cha aluminiamu chenye mapezi kama samaki: kinapoza mafuta, kinang'aa, ila kikipata pigo la kweli kinavunjika kama sahani ya harusi. Na kulikuwa na cha bati nene ambacho fundi wangu Modeste angekiunga palepale garajini: hakina sura, lakini kikipinda unakinyoosha kwa nyundo. Nililileta jambo hili mezani kwako Jumapili baada ya Jumapili, mpaka wewe, mtu uliyezeekea kwenye warsha ya mgodi na sasa unafua picha za shaba, ukaweka kijiko chini: "Mukwe, nyamaza. Nitakutengenezea mi mwenyewe."

Ukatengeneza. Matundu ya bolti yamekaa sawasawa. Ndani chuma, nje shaba nyekundu, na kwenye shaba umefua sura. Malalamiko yangu yanahusu hiyo sura.

1. Siku ya ndoa mlinifundisha, mimi mtoto wa watu wa Maniema nisiyejua desturi zenu, kwamba mukwe hamtazami mama mukwe usoni. Nililishika somo hilo kuliko mlivyotegemea. Tangu siku hiyo Mama akitokea njiani mimi naingia kwenye majani. Akinisalimu, naitikia nikitazama ndala zake. Ndala zake nazijua. Nitazitambua hata katikati ya ndala za parokia nzima. Sasa wewe, Tata, umeuchukua uso wenyewe ukanipa niufunge kwa bolti kwenye gari ninalokula kwalo.

Usiniambie si yeye. Modeste alipomaliza kukaza niliinama nikaona, kwa bahati mbaya, mara moja tu: nywele zimejaa pande zote, pua pana, macho yasiyotaka upuuzi, kinywa wazi kama cha mtu anayeita wajukuu walio mwisho wa mtaa. Nikajua papo hapo ni nani. Nikageuza kichwa haraka nikakigonga kwenye bampa. Hongera, Tata. Inafanana kabisa.

2. Tundu la kujazia mafuta umeliweka kinywani. Wewe ni fundi, unajua mafuta hayo hupimwa vipi: mtu analala chali chini ya gari, anafungua kizibo, anaingiza kidole na kupapasa kama mafuta yamefika ukingoni. Kidole, Tata. Changu. Naomba niishie hapo.

3. Nilimwomba Modeste apime yeye, kwa kuwa hana undugu nanyi. Aliingia chini, akatoka kasi. "Patron, ule hata mi namuogopa!" Akacheka mpaka akakaa juu ya tairi. Nikamwambia achunge adabu, huyo ni mama wa watu. Hapo ndipo alipowaita na wenzake waje kuona. Watoto wa Kapata nao wameharibika. Nikipita kati ya nyumba zenu wanakimbia nyuma ya jeep wakinguruma, vidole wamevikunja hewani. Nilisimama nikawauliza, "Bazazi benu habakubafundisha heshima?" Wakaningurumia na mimi.

4. Kuna suala la matope. Mvua ikianza, njia itampaka Mama tope usoni tangu asubuhi. Nikimwacha hivyo, ni dharau. Nikimwosha, nitamwosha vipi nimefumba macho? Nilijaribu kumning'inizia kipande cha kitenge kama pazia. Kilibaki kwenye kichaka cha kwanza, na Henriette bado anaulizia nusu ya kitenge chake.

5. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Dada yake Mama anaumwa huko Musumba na anamwita. Tulikubaliana sote kwamba nitampeleka Ijumaa, kabla mvua haijafunga njia. Lakini gia zinalia, na gia hazilii bure: mafuta yamepungua. Nikiondoka bila kupima, diferensheli itakufa porini, mbele ya Sandoa, na mgonjwa atangoja mtu ambaye hafiki. Kwa hiyo hali ni hii: namheshimu Mama kiasi kwamba siwezi kumfikisha kwa dada yake.

Ombi langu ni dogo. Najua kwenu katazo hili hufunguliwa kwa mbuzi, wazee wakikaa. Mbuzi ninaye. Naomba baraza la familia likutane garajini kwa Modeste kabla ya Ijumaa, niruhusiwe kumtazama Mama usoni kwa muda wa kupima mafuta tu, kisha katazo lirudi mahali pake. Wazee walale chini ya jeep pamoja nami wawe mashahidi. Katoni za kulalia nitatandika mimi. Kidole kiwe chako, Tata. Na muamue kama mbuzi atakabidhiwa Mama au jeep.

Baraza likikataa, naona njia moja iliyobaki. Mimi na Henriette tuachane Alhamisi mchana. Hapo Mama atakuwa mama wa watu kama mama wengine, nitapima mafuta kwa dhamiri safi, na jioni tutafunga ndoa tena. Henriette sijamwambia bado.

Wasalimie wote wa mstari wenu wa nyumba, na shemeji Gradi, na yule jirani mwenye jogoo asiyejua saa. Mama nisalimie kwa namna inayofaa: mimi nasalimia ndala zake.

Nakuaga macho yakiwa chini,
mukwe wako,
Alfani Sadiki

P.S. Kabla sijafunga bahasha, Mama amefika mwenyewe kuulizia safari. Niliruka kwenye majani kama kawaida, barua nikaiacha juu ya kiti, na Henriette akaanza kuisoma kutoka mwisho. Sikumsikia akicheka. Nilimsikia akimuuliza Mama kuhusu uso ulio chini ya gari, kisha Mama akiomba katoni, kisha sauti yake kutoka chini ya jeep: "Henriette, ambia bwana yako ile ni simba."

Simba, Tata. Wa ukoo wenu. Henriette naye ameinama akathibitisha, na Modeste anasema alidhani najua.

Mafuta nimejaza, kidole kimeingia na kutoka salama, gia zimenyamaza, na Ijumaa tunaondoka. Naomba malalamiko yote yafutwe, hasa pale niliposema inafanana kabisa. Utaniwia radhi barua ikikufikia imechelewa, kwa sababu Henriette amesimama hapa anangoja nimalize mstari huu aichukue. Anasema kwanza atamsomea Mama ndani ya jeep, na kutoka hapa mpaka Musumba kuna muda wa kuirudia.