Mbuzi Amepotea, Si Imepotea

Jumatatu, 3 Oktoba 1955. Usagara, Tanga.

Kesi imepatikana! Asubuhi kaja Eliudi, mpangaji wa Bi Mwatumu. Mshambaa, kibarua wa reli, mtu mpole sana, ila Kiswahili chake kinanitia uchungu. Baada ya shikamoo anasema mbuzi ya Bi Mwatumu imepotea, nani ameiona. Nikamsahihisha hapo hapo: mbuzi amepotea, si imepotea. Mbuzi ana roho, bwana. Akaniomba radhi.

Nikataka maelezo. Anasema ilikuwa ya marehemu mama yake Bi Mwatumu, ina meno makali, na Bi Mwatumu ameikalia tangu msichana. Nikaandika kwa Kiswahili safi: mbuzi mzee, mkali wa meno, anapandwa. Bila shaka wa Kiarabu.

Mtaa mzima unajua kuwa nasema na wanyama. Ni mimi niliyeambiwa na kuku wa jirani yalipo mayai. (Yalikuwa chini yake, lakini aliniambia.) Nikimpata mbuzi huyu, Bi Mwatumu atanijibu. Ni mjane, nimempelekea posa tangu Rajabu, kimya. Nampenda. Naandika wazi maana humu hasomi mtu. Hatibu seremala naye kapeleka posa, tena juzi tu, mroho yule.

Jumanne, 4 Oktoba.

Nimeanza na mbuzi wa Hatibu, nyuma ya karakana. Nikainama, nikamnong'oneza sikioni. Akajibu mara mbili, kisha akala pindo la kanzu yangu. Hatibu akatoka kuuliza nafanya nini. Nikasema namsalimia mbuzi wake. Akacheka. Mtu asiye na hatia hacheki namna ile.

Mchana wali wa nazi, tui zito ajabu, nikaongeza mara mbili. Dada yangu Asmahani akaanza kusema kitu juu ya mbuzi. Nikamkatiza: upelelezi si mambo ya jikoni. Akasema basi aende kwa Bi Mwatumu mara moja. Nikakataza. Posa yangu iko kule. Hapana mtu wa nyumba hii kukanyaga mlango ule mpaka kesi iishe.

Jumatano, 5 Oktoba.

Akili imenijia alfajiri. Mama yake Bi Mwatumu alikuwa mtu wa Tongoni. Mbuzi mzee hurudi kwao! Nimekwenda kwa baiskeli, jua kali. Nimekuta mbuzi kumi na mmoja kwenye magofu. Nikawasalimu kwa Kimtang'ata, lugha ya kwao, ili wasinione mgeni. Wakaendelea kutafuna. Nikawapa mgongo kidogo, wapate kushauriana. Beberu mmoja akanijia mbio, nikajua ana siri anataka kunitolea.

Hakuwa na siri. Naandika haya nimesimama.

Alhamisi, 6 Oktoba.

Mbinu mpya. Mbuzi mzee ni mbuzi mzee tu. Nimenunua mmoja Chumbageni, kakonda, jicho moja. Nimemjaribu kwa kumkalia, akavumilia. Nikamvisha kamba mpya, nikaenda naye mwenyewe hadi barazani kwa Bi Mwatumu. Majirani wamejaa, Hatibu akiwemo. Vizuri, nikawaza, aone. Nikatangaza kwamba mbuzi wa marehemu mama amerudi nyumbani.

Bi Mwatumu akamtazama. Akanitazama. Kisha akauliza taratibu, "Sasa huyu, Bwana Idarusi, nimkalie nikune nazi?"

Mbuzi ya kukunia nazi! Ardhi haikupasuka, nami niliiomba sana. Pale pale Asmahani akatokea ameikumbatia ndani ya kanga yake, ile yenyewe. Aliiazima Ijumaa, mwenyewe hayupo, maana yetu imevunjika meno. Siku tatu anataka kuirudisha, mimi namkataza. Na ule wali wote nimeula mimi.

Hatibu alilala chini kwa kicheko. Bi Mwatumu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ukaya wa kichwani. Nikashika kamba ya mbuzi wangu niondoke, akaniita. Akasema, "Tangu nifiwe sijacheka hivi." Neno la mwisho ni la kaka yake Jumbe, aliyeko Unguja, naye atamwandikia leo leo. Juu yangu mimi, si Hatibu! Nimefika nyumbani sijui nimepita njia gani.

Jumatano, 12 Oktoba.

Eliudi kaja mbio. Jibu la Jumbe linakuja leo na ndege ya Unguja. Imechelewa, itatua uwanjani saa kumi, na Bi Mwatumu anasema nisikose kuwepo, ndipo nitakapojulikana ni mtu wa namna gani.

Nikashusha pumzi. Mtu huyu hafundishiki. Nikamwambia pole pole, kama mwalimu: ndege amechelewa, ndege atatua. Akaniomba radhi tena.

Njiwa wa barua, basi. Na Bi Mwatumu kanichagua mimi nimpokee, maana nani mwingine anasema na ndege? Nimevaa kanzu ya Idi.

Saa kumi kasoro robo. Nimeketi katikati ya uwanja wa mpira, mtama tele mfukoni, naita kwa sauti laini. Kunguru sita, njiwa hakuna. Na sasa eropleni moja inapita chini chini ikinguruma, imenifukuzia hata hao kunguru. Nimeitishia bakora mpaka imekwenda zake. Sasa pametulia. Atatua tu.