Beberu wa Abdiel

Abdiel hakuogopa kitu chochote chenye pumzi. Hivyo ndivyo alivyowatangazia wateja wote pale dukani kwake Kaloleni. Ila kila usiku shujaa huyo alikimbizwa na beberu ndotoni, akapiga mayowe, na mateke yake yote yakamwishia mkewe, Penina. Mama wa watu alivumilia miaka miwili, kisha akarudi kwa wazazi wake huko juu Meru. Aliacha sharti moja: atashuka mjini siku atakapohakikishiwa usingizi.

Ilikuwa miaka ile simu za mkononi zilipoingia, nene kama tofali, na kila shida ya binadamu ikapata mtaalamu wa mbali. Wa Abdiel alikuwa Mama Agnela wa Moshi, aliyewaongoza wagonjwa kwa simu wajitibu wenyewe: uiandike ndoto yako, uipe mwisho mwingine, kisha uurudie mchana ukiwa macho. Abdiel alijiandikia mwisho wa kifalme: hakimbii tena, bali anaamuru beberu aletwe mbele yake. Baada ya wiki tatu akajitangaza kuwa amepona, na Jumapili akapanda kumfuata mkewe.

Lilibaki zoezi la mwisho: kuutamka mwisho huo kwa sauti, Mama Agnela akisikiliza simuni. Huko mlimani mtandao ulishika mahali pamoja tu, uwanjani kwa kanisa, ambapo baada ya ibada Mzee Sadoki alikuwa akinadi sadaka za mazao na mifugo. Mikungu ya ndizi ilikwisha upesi. Akabaki beberu mmoja, ambaye tabia yake ya kukimbiza watu washarika wote waliijua. Kwa hiyo hakuna aliyefungua kinywa.

Abdiel, simu sikioni na macho ameyafumba kama alivyoelekezwa, akanguruma: "Leo sikimbii! Beberu huyu ni wangu, nileteeni!"

Makofi yakalipuka. Mzee Sadoki hakungoja mtu abadili nia.

"Mkabidhini mkwe wetu," akasema.

Abdiel alipofumbua macho, alikuwa ameshika kamba. Mwisho wa kamba palikuwa na pembe.

Kwanza aliitupa simu, kisha heshima. Alilizunguka kanisa mara mbili, suti na tai, beberu nyuma yake, akaukwea mnara wa kengele kwa wepesi ambao hata vijana wa kipaimara waliustaajabia.

Penina, aliyekuwa ametoka ibadani na wenzake, akaiokota simu majanini; Mama Agnela bado alikuwa hewani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndoto imeishaje?"

Penina akatazama juu mnarani.

"Asante kwa tiba, Mama. Mbio zote amezihamishia mchana. Usiku sasa nitalala. Nitashuka naye mjini leo hii, akishashuka yeye kwanza."