Jibini la Mazishi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 12 Januari 1925
Alhamisi wazazi wa Damien wanakuja kumposa binti yangu Ludivine, nami sina cha kuwapa. Mkate ni ule uliookwa kabla ya theluji, mgumu kama kigae. Jibini la kula limeisha. Nimebaki na wazo moja. Kule stoo lipo jibini la mazishi la mama mkwe, aliloliweka siku alipoolewa, kama afanyavyo kila anayefunga ndoa huku milimani, ili waombolezaji wake wapate cha kula. Lakini mama mkwe hafi leo wala kesho! Anakula kama mkata nyasi. Nitakata upande ulioegemea ukuta. Nani ataona?

Alhamisi, 15 Januari
Nimeweza! Lilikuwa kavu kama jiwe, nikalikwangua na kuliyeyusha kwenye divai. Kila mtu kachovya mkate wake mgumu humo chunguni. Petronille, mama yake Damien, anayejisifia siagi yake mpaka kanisani, kakomba chungu kwa kisu. Kauliza jibini hili nimelitoa wapi. Nikasema ni la ukoo. Mama mkwe kala kuliko wote. Posa imekubaliwa. Mwanangu jamani!

Ijumaa, 16 Januari
Balaa. Mama mkwe ana homa, anatetemeka, kaagiza padri. Halafu kamwambia mume wangu Candide amletee jibini lake alione kwa mara ya mwisho. Nikasema stoo kuna barafu, atateleza. Hakunisikia. Kalileta, kalilaza kitandani. Limebaki umbo la nusu mwezi! Mama mkwe akaligeuza, akalipapasa.

"Nani kanilia jibini langu?" akauliza.

Nikapiga magoti, nikasema tumekula sote jana, na yeye aliongeza mara tatu. Akafumba macho. Nikajua nimemuua.

"Basi sifi," akasema. "Nife, Petronille aje mazishini akute meza tupu? Hebu lete supu, we mwanamke."

Nimelia kwa furaha mpaka Candide kanipa kofia yake nijifutie.

Jumapili, 18 Januari
Homa imekwisha. Mama mkwe yuko nje anagombana na kuku. Anasema kiangazi ataweka jibini jipya, na hafi mpaka likauke vizuri. Nilivyopumua! Nimelala kama mtoto mchanga.

Petronille kaleta salamu. Jumapili ijayo anakuja na wajomba wote, na wanataka jibini lile lile.

Nimechungulia stoo. La mama mkwe haliguswi tena, ila la mazishi la Candide bado zima. Na Candide ana afya ya fahali, hajapiga chafya tangu tuoane. Safari hii nitakata upande wa chini.