Albamu ya Harusi Yangu, Nami Simo

Jumatatu, 3 Machi

Leo bibi harusi mmoja kaja studio kuchukua albamu yake. Kurasa arobaini, jalada la ngozi, karatasi nzito. Kazi safi, najisifu mwenyewe maana sioni wa kunisifu. Akalia kwa furaha palepale kwenye kaunta. Mke wangu, ambaye ndiye hupokea wateja, akampa kitambaa, akamsindikiza hadi mlangoni, kisha akageuka kuniuliza ya kwake iko wapi.

Nikamwambia wiki ijayo. Akasema wiki ijayo hiyo ina miaka kumi na minane, ingekuwa mtoto ingeshaota ndevu. Halafu akatoa hukumu. Mama yake anakuja Jumamosi. Albamu ya harusi yetu iwe mezani, la sivyo mama akiondoka Jumatatu wataondoka wawili. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Hakuna tabu. Mimi ni mtaalamu. Siku tano ni nyingi, nitamaliza kwa tatu.

Jumanne, 4 Machi

Nimezipata negativu za harusi yetu kwenye kopo la biskuti, chini ya mapazia chakavu ya studio. Sikuwahi kuchapa hata moja. Kila siku kulikuwa na harusi ya mtu mwingine. Nikaziingiza kwenye kompyuta moja moja. Picha sabini na mbili.

Simo.

Nikazipitia tena. Simo! Ndipo nikakumbuka. Siku ile sikumwamini mtu na kamera yangu. Meno, mpambe wangu, ambaye siku hizi ana studio yake ng'ambo ya barabara, aliomba apige yeye. Nikakataa, Meno hukata watu vichwa. Nikamwambia asimame mahali pangu kando ya bibi harusi, dakika moja tu, nipime mwanga. Nikabonyeza. Nikahamia picha nyingine. Meno, simama tena pale kidogo.

Yumo kwenye arobaini na moja. Anakata keki na mke wangu. Analishwa keki na mke wangu. Anacheka mpaka jino la mwisho, ndiyo sababu ya jina lake. Mimi nimo kwenye moja: kidole changu kikinyoosha shela. Nacho kimetoka na ukungu.

Nimekwisha.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka na mpango. Kompyuta ni ya nini? Nakata kichwa cha Meno, nabandika changu. Kasoro ndogo: picha yangu pekee ya mwaka ule ni ya kitambulisho. Masikio yote mawili nje, uso wa mtu anayesubiri kuhukumiwa. Nimeubandika mara arobaini na moja. Nimekata keki kwa huzuni. Nimecheza muziki kwa huzuni. Nimelishwa keki mdomo umefumbwa, kipande kimegota kidevuni. Na ile shingo ya Meno, jamani, haiishi! Kichwa changu kimekaa juu yake kama kofia kwenye msumari.

Mke wangu akachungulia kuuliza kazi inaendaje. Nikasema inaenda vizuri mno. Nikaruka kuziba kioo cha kompyuta, nikamwaga chai juu ya kibodi. Vitufe vitatu vimekufa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeitoa suti ya harusi. Suruali imekataa katakata. Koti limekubali kwa sharti nisipumue. Mpango mpya: nijipige leo, nijiingize kule, nywele nitaziongeza baadaye. Kamera unaitegesha sekunde kumi, unakimbia, unasimama, inapiga yenyewe. Nikabonyeza, nikakimbia, nikasimama, nikaona taa imekaa vibaya, nikarudi kuiweka sawa. Nikajaribu tena. Safari hii ilikuwa ile taa nyingine. Sasa nina picha thelathini na sita za mgongo wangu. Kwenye ya thelathini na saba kifungo cha koti kilifyatuka kikapasua balbu.

Meno alikuwa dirishani kwake akitazama muda wote. Alinipungia mkono. Sikumpungia.

Ijumaa, 7 Machi

Maua! Kwa nini sikufikiri mapema? Kila alipo Meno, naweka ua. Ua lisipotosha, naweka kopa la dhahabu. Nimefanya kazi tangu asubuhi bila kula. Kuna ukurasa mke wangu anacheza muziki na kichaka. Lakini jalada! Ngozi nyeupe, herufi za dhahabu, "Siku Yetu." Mtu akiishia kwenye jalada, nimepona.

Meno kaja kuazima gundi, akaiona albamu mezani. Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Akasema miaka yote hii hakujua kwamba ameoa. Akaomba nakala moja. Nikamtoa nje na gundi sikumpa.

Jumamosi, 8 Machi

Aibu ya mwaka. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Mama mkwe alivaa miwani, akafungua, akapekua kurasa zote. Mwishowe akauliza mwanawe aliolewa na bustani ya nani. Akarudi ukurasa wa kumi na saba. Ukurasa wa kumi na saba! Niliusahau! Meno kaachama, mke wangu anamlisha keki. Mama mkwe akasema kijana huyu ana sura ya watu, mbona hajaja kumsalimia? Kisha akavua miwani, akasema ndiyo maana wakubwa wakasema kinyozi hajinyoi.

Mke wangu hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema siku zote alijua simo, kwa sababu yeye alikuwepo siku ile. Alinyoosha mkono mara ngapi akiniita nije nisimame, nami nikimjibu subiri mwanga. Hakuwa anangoja albamu, alisema. Alikuwa anangoja nione haya.

Mkoba wake ulikuwa tayari mlangoni. Nikalia. Mbele ya mama mkwe, mtu mzima na kipara changu, nikalia. Mke wangu akasema basi, picha moja. Kesho. Mimi na yeye, na mtu mwingine apige. Nikiweza kutulia kwa picha moja tu, atafungua mkoba.

Mtu mwingine ni Meno. Nitafanyaje? Mwenye shida hachagui.

Jumapili, 9 Machi

Nilivaa koti, mgongoni limeshikwa na pini sita. Mke wangu alivaa gauni la buluu, akajipaka wanja. Nilisahau jinsi alivyo mzuri. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha wateja. Meno alisimama nyuma ya kamera yangu, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka.

Mke wangu akanishika mkono. Miaka mingapi hajanishika vile! Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Nilifurahi, naandika hapa kwa kuwa ni kweli. Meno akahesabu moja. Akahesabu mbili.

Taa ya kushoto ilikuwa imeshuka. Kidogo tu. Ilimtia kivuli puani, tena kwenye pua kama ile! Fundi gani angevumilia? Nikasema nusu sekunde, nikaenda kuiinua. Meno akabonyeza.

Mama mkwe alinyanyuka kwanza.

Jumatatu, 10 Machi

Wameondoka saa mbili asubuhi. Mkoba haukufunguliwa. Nilimwomba. Nilimwambia ilikuwa taa. Akasema anajua ilikuwa taa, akafunga mlango taratibu. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimekunywa chai ya peke yangu na nimeweka vikombe viwili.

Nimeitazama ile picha siku nzima. Amenyoosha mkono, haujashika kitu, na anaangalia pembeni nilikoelekea. Inaniuma kuiangalia. Lakini kivuli puani hakipo! Hakuna hata chembe. Ni picha bora kuliko zote zilizowahi kutoka studio hii, na amepiga Meno.

Nimeamua. Jumamosi nakwenda kwa mama yake kumwangukia miguuni. Nitaomba msamaha wa kweli, palepale kibarazani, na nitabeba kamera, maana siku ya kusamehewa lazima iwekwe kwenye albamu. Kibaraza kile asubuhi kina mwanga mzuri ajabu. Nimeshamwambia Meno twende wote. Atapiga magoti mahali pangu, dakika moja tu, nipime mwanga.