Kuitia Kompyuta Mbio

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Balaa. Mjukuu wangu anataka kuhama.

Anachora ramani za nyumba kwenye kompyuta, na Ijumaa anatakiwa kumpelekea mhandisi kazi ya majaribio ili aajiriwe. Kompyuta yetu ni ya bei rahisi. Ukiiambia itoe picha moja ya nyumba, inazunguka tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Basi bibi yake wa upande wa baba, Mkwe wangu, amempigia simu: njoo kwangu, huku kuna mashine mpya, na chumba kina madirisha mawili.

Madirisha mawili! Mtoto nimemlea mimi tangu hajaota meno. Herufi hizi ninazoandika kanifundisha yeye, maana shule mimi niliipita kwa nje. Leo anachukuliwa kwa madirisha?

Nimemwambia asubiri kidogo. Akasema, Bibi, mhandisi hasubiri.

Jumanne, tarehe 5

Nimemwita fundi wa kompyuta. Nikamwambia aitie mbio. Akacheka. Nikamwambia funga meno, fungua mashine.

Kumbe inawezekana! Anasema prosesa, ndiyo ubongo wake, kiwandani iliachiwa nguvu kidogo ya akiba, na mashine hii inaruhusu kupandishwa. Ila kwa adabu. Unapanda hatua moja, unaipa kazi nzito saa nzima, unatazama joto. Likipita digrii themanini, unashuka. Umeme wake usiuguse. Na lazima ipate hewa. Nikamwambia nimezaa sita, mambo ya hewa nayajua.

Akafuta dawa ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, akatia mpya, nyeupe, tone moja kama punje ya mchele. Tone moja! Nikamwambia paka sawasawa wewe, mtoto hapakwi mafuta kwa tone. Akaniomba nitoke chumbani. Mimi! Nyumbani kwangu!

Nikasimama mlangoni nikatazama vidole vyake. Anawasha, anabonyeza kitufe cha Delete, unakuja ukurasa wa bluu, mshale wa juu. Kasi ikapanda kutoka thelathini na sita hadi thelathini na nane. Feni kubwa mpya. Saa nzima ya kuijaribu. Imetulia.

Jumatano, tarehe 6

Picha imetoka kabla sijamaliza kumenya vitunguu! Joto sabini na moja. Mjukuu kanikumbatia hadi miwani ikaanguka. Hahami!

Nimempigia Mkwe kumjulisha kwamba huku tunakimbia. Akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na kesho anakuja kujionea. Nikamwambia karibu sana, na miwani yako uje nayo.

Ila nimeitazama ile mashine vizuri. Iko uchi. Feni nje, nyaya nje, na mgeni anakuja. Redio yangu ina kitambaa. Televisheni ina kitambaa. Hata birika lina kofia. Nimetoa sindano na uzi.

Alhamisi, tarehe 7

Jamani. Jamani mimi.

Nilifuma kitambaa cheupe, maua katikati, pindo pande zote. Mjukuu alipokwenda dukani kununua karatasi, aliacha mashine inatoa picha ya mwisho. Nikaivika kuanzia kichwani hadi miguuni. Ikapendeza kama bibi harusi. Mkwe akaingia, akatazama, akavaa miwani. Raha iliyoje!

Feni ikaanza kulia. Nikamwambia Mkwe, unasikia inavyokimbia? Ikalia zaidi. Akauliza mbona inanuka kama pasi. Nikamjibu hiyo ni harufu ya kazi.

Ikazima. Kimya.

Mjukuu akarudi, akafunua kitambaa, akashika kichwa. Picha imepotea yote. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Fundi alikuja anahema. Akasema prosesa haijaungua, imejizima kujiokoa. Akairudisha thelathini na sita, asije akaitwa tena. Akauliza nani ameivika mashine blanketi. Nikamwambia si blanketi, na mtu mwenye macho angeona maua.

Mkwe, kwa sauti ya asali, akasema haya mwanangu, fungasha, kazi ukaimalizie kwangu. Mjukuu akaniangalia mimi. Ningesema baki, angebaki, na kazi angeikosa. Nikamwambia nenda, unangoja nini, unazuia mlango. Kisha nikainama kutafuta sindano chini ya kiti. Sindano nilikuwa nayo mkononi.

Ijumaa, tarehe 8

Amepiga simu. Mhandisi ameipenda kazi, anaanza Jumatatu! Nimepiga vigelegele peke yangu jikoni hadi jirani akagonga ukuta.

Nikauliza, basi unarudi lini? Akasema, Bibi, tutaona, huku mashine inakwenda haraka. Tutaona! Hiyo ni hapana iliyovaa viatu.

Nyumba imekuwa kubwa. Nimepika kwa watu wawili, nimekula kwa nusu mtu.

Nimekaa nikalitafuta kosa. Liko wazi! Mbio zilikuwa chache. Fundi ni mwoga. Thelathini na nane inajikokota, ndiyo maana inapata joto njiani. Hamsini ingemaliza picha kabla joto halijafika.

Nimewasha. Delete. Ukurasa wa bluu. Mshale juu, juu, juu, hadi hamsini. Na umeme nimeiongezea, maskini, kazi yote hiyo kwa tumbo tupu?

Nimemtumia mjukuu ujumbe: rudi, Mkwe ataona vumbi letu tu.

Kioo ni cheusi tangu saa kumi alasiri. Inajiandaa.