Shikamoo Haitolewi Juu ya Baiskeli

Jumatatu, 2 Februari 1987

Habari kubwa. Tajiri wangu, Bwana Badi, mwenye tanuri la mikate hapa mtaa wa Barani, Malindi, amenunua pikapu. Si mpya. Rangi ya kijani, mlango wa abiria haufunguki. Nzuri ajabu.

Asubuhi alituita wapeleka mikate wake wote, yaani mimi na Kitsao. Akasema Jumapili atamkabidhi mmoja wetu ufunguo. Anataka mambo mawili tu: hoteli ya watalii kule ufuoni ipate mikate kabla ya saa moja, na asisikie lalamiko lolote mjini.

Mimi, Musembi, nina leseni niliyoipata Machakos miaka mitano iliyopita. Sijawahi kuitumia, kwa hiyo bado ni mpya kabisa. Kitsao ana nini? Miguu mirefu na tabia ya kutabasamu. Sioni wa kunishinda.

Taabu ni barabara. Kile kipande cha mbele ya maduka ni mashimo na mchanga, na baiskeli yenye sanduku la mikate huyumba vibaya. Kwa hiyo mimi hupanda juu ya sakafu ya saruji waliyowekewa waendao kwa miguu. Ina kivuli, haina mashimo. Watu wakisikia kengele husogea wenyewe.

Ila juma lililopita Mzee Athman hakusogea. Macho yake yameingia ukungu, lakini kila asubuhi alikuwa akitoka peke yake kwenda kunywa kahawa na wazee wenzake pale kona. Sasa watu wanasema baiskeli ilimwangusha na tangu siku hiyo anaogopa kutoka nje. Uzushi. Mimi nilimpitia karibu tu. Ukuta ndio uliomuumiza mkono. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeona, sikuona haja ya kusimama.

Nimemweleza mke wangu Mwikali habari za pikapu na kumsihi asimwambie mtu. Amevaa kanga, ametoka kwenda kwa akina mama wa kanisa.

Jumanne, 3 Februari

Balaa. Nimefika kwenye sakafu ya maduka, nikakuta Bi Mastura muuza mahamri ameketi pale na wazee watatu, kila mtu na kigoda chake. Mimi ni mtu wa adabu. Nikapiga kengele, nikasema shikamoo kwa sauti kubwa, nikapita.

Hawakuitikia. Miaka minne nimekaa Malindi na sijawahi kuona shikamoo ikiachwa ianguke chini. Hapa mtu hata akikuchukia ataitikia marahaba kwanza, ndipo akuchukie. Nyuma yangu nilimsikia Bi Mastura akisema pole pole, “Huyu aamkia watu kutoka juu kama atupa maganda.”

Niliporudi tanurini habari ilikuwa imeshanitangulia. Bwana Badi aliniuliza, tena kwa upole, kama kwetu Ukambani mkubwa huamkiwa na mtu aliyekaa juu ya chombo. Nilitamani ardhi inimeze.

Kitsao akanifunza bila kuombwa. Unashuka. Unasimama. Unashika baiskeli. Unatoa shikamoo, unangoja marahaba, unaulizwa habari za nyumbani, unajibu, nawe unauliza za kwao. Hata kwao Rabai ni hivyo hivyo. Nilimwambia nilikuwa najua, nilikuwa nawapima tu. Akatabasamu.

Kwetu pia mkubwa haamkiwi hivyo. Lakini kwetu wakubwa hawakai kwenye njia ya mikate.

Jumatano, 4 Februari

Wazee wamekuwa tisa.

Nimewahesabu. Hawakukaa pamoja kama jana. Mmoja mlangoni kwa fundi cherehani, mmoja penye duka la vitambaa, mmoja kwa muuza tumbaku, hivyo hivyo hadi kona, hatua kumi baina ya mmoja na mwenzake. Nikashuka, nikaamkia. Nikapanda, nikakanyaga pedali mara tatu, nikashuka, nikaamkia. Mara tisa. Nimewaeleza watu tisa habari za mke wangu, wanangu, mvua ya kwetu na afya ya mama yangu mzazi. Kufikia mzee wa saba nilikuwa nimeanza kumuonea mama huruma mimi mwenyewe.

Nilipofika mwisho niligeuka kutazama. Lazima niandike ukweli: nilishangaa. Baraza la mji lingepigilia vibao vya kukataza baiskeli. Polisi wangeleta filimbi. Bi Mastura ameleta vigoda tisa. Na hakuna hata mmoja aliyeniambia nisipande baiskeli. Yule mama ana akili kuliko ofisi nzima.

Nilifika hotelini saa moja na robo. Mpishi mkuu alitazama saa yake, akanitazama mimi.

Kitsao yeye hupita barabarani, katikati ya mashimo, amesimama juu ya pedali. Alinipungia mkono. Mwikali ameniuliza kwa nini nami nisipite huko. Hajui mambo. Nikihamia barabarani sasa hivi, watu watasema mbona Musembi ameihama sakafu? Watajumlisha hilo na habari za Mzee Athman. Mtu asiye na hatia habadili njia.

Alhamisi, 5 Februari

Hila ya leo ilikuwa safi. Mgonjwa wa jino hawezi kusema, na asiyeweza kusema hawezi kuamkia. Nikajifunga kitambaa cha Mwikali kuanzia kidevuni hadi utosini. Mpango: nitikise kichwa kwa huzuni, nipite.

Sikupita. Bi Mastura alishika usukani wa baiskeli yangu, akanikalisha kwenye kigoda chake mwenyewe, akaagiza karafuu. Akanisukutuisha maji ya chumvi. Wazee wote tisa wakasogea kutazama. Kila mmoja alikuwa na jino lake la kusimulia, na masimulizi hayo hayakuwa mafupi. Mzee Kiponda wa duka la tumbaku alisema karafuu ni kupoteza wakati, akaingia ndani kutafuta koleo lake la kung'olea misumari.

Nilipona papo hapo. Bi Mastura alimshukuru Mungu na kunipa hamri moja ya moto nile njiani, kwa kuwa sasa naweza kutafuna. Nimeila. Sijapata kula hamri kama ile, na inaniuma kusema hivyo.

Hotelini saa moja na nusu. Mpishi amesema atampelekea Bwana Badi maneno.

Nyumbani nako hakukaliki. Akina mama wa kanisa wameiombea pikapu. Jedida, kiongozi wao, ameshauliza kama nitawapeleka Mambrui kwenye harusi mwezi ujao, na Mwikali amekubali. Nikiukosa ufunguo itabidi tuhame mtaa wetu wa Kisumu Ndogo.

Ijumaa, 6 Februari

Mguu mmoja juu ya pedali, mmoja unasukuma chini. Hiyo ndiyo hila ya leo. Sijapanda, wala sijashuka. Mzee Kiponda alinitazama nikija hivyo, akauliza kwa utulivu, “Mwanangu, washuka ama wapanda?”

Kabla sijajibu, mlango mmoja ng'ambo ya fundi cherehani ulifunguliwa. Mzee Athman. Mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, fimbo katika mkono wa pili. Akasimama kizingitini muda mrefu. Akapapasa sakafu kwa fimbo.

Bi Mastura akasema, “Sabalkheri, kaka Athman. Hapa nipo mimi.” Mzee akaifuata sauti. Alipomfikia, mzee wa kigoda cha kwanza akasema, “Sabalkheri Athman, hapa kwa fundi.” Akaenda kwa huyo. Kisha wa duka la vitambaa. Sauti moja hadi nyingine, hatua kumi hadi hatua kumi. Ndipo nikaelewa. Vigoda havikuwekwa kwa ajili yangu peke yangu. Siku zote hizi walikuwa wanamtengenezea Mzee Athman njia, wakimngoja apate moyo wa kutoka. Mimi nilidhani vita ni yangu.

Akafika mahali ambapo hapakuwa na mzee. Palikuwa na mimi. Hakuna aliyemwita; wote walinitazama mimi. Fimbo ikasimama.

Nikashuka. Nikasema, “Shikamoo babu. Hapa pana baiskeli. Imesimama.”

Alibana fimbo kwapani, akanyoosha mkono mpaka akaupata ubao wa sanduku langu. Akavuta pumzi. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayetambua wimbo, “Kumbe ndiwe. Hata siku ile palinukia mkate moto.”

Nikangoja anitaje kwa sauti, mbele ya mtaa mzima. Hakunitaja. Aliweka mkono juu ya tandiko la baiskeli, akasema tuende, kahawa yapoa. Nikasukuma baiskeli, naye akaishikilia, hadi kona. Nilitembea pole pole kuliko nilivyotembea siku ya harusi yangu. Alipoketi, wenzake walimpigia makofi kidogo, naye akajifanya kukasirika.

Hotelini nilifika karibu saa mbili. Mpishi alipokea mikate huku akitazama saa yake. Nami sikujali, kwa muda wa kama nusu saa.

Jumamosi, 7 Februari

Nimeanza kujali. Bwana Badi amepata malalamiko ya hoteli: siku tatu mfululizo. Aliniambia pia kwamba Bi Mastura alikuja kuzungumza naye faragha. Nimekwisha.

Nikaona bora Kitsao naye aharibikiwe. Nilimweleza Bwana Badi, kwa nia njema, kwamba Kitsao huendesha kwa kasi mno kwa mtu anayetaka kukabidhiwa gari. Bwana Badi akasema Kitsao hana leseni.

Nikamfuata Kitsao tanurini. Kweli hana. Wala haitaki pikapu. Gari humtia kichefuchefu. Hata akienda kwao Rabai huomba kukaa karibu na dirisha. Nilimuuliza sasa wiki nzima alikuwa akitabasamu nini. Akasema alidhani najua kwamba niko peke yangu.

Kushindana peke yako na bado ukawa wa mwisho. Sikumwambia Mwikali.

Jumapili, 8 Februari

UFUNGUO NI WANGU.

Niandike vizuri. Baada ya kanisa niliitwa nyumbani kwa Bwana Badi. Akasema hoteli haikupendezwa nami, lakini Mzee Athman mwenyewe ameniombea, na Bi Mastura pia. Bi Mastura alisema mimi ni mkaidi, na uongo sijambo, lakini tangu Jumatano nimeshuka kwa kila mzee aliyekaa pale, sikumruka hata mmoja. Na mtu aliyejifunza kushuka, gari hatashindwa kulisimamisha. Bwana Badi akaweka ufunguo mkononi mwangu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Mastura. Nilimwamkia nimeinama hadi magotini. Akaniambia alijua tangu siku ya kwanza. Mji mzima baiskeli za mkate moto ni mbili, na mwenye ile nyingine hushuka. Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja. Akageuza mahamri yake kwenye karai, akasema, “Mtu umtajapo hukana, baba. Mwache aamkiane na watu kila siku, haya itamjia yenyewe.”

Machozi yalinitoka. Nilimwambia ni moshi. Sijapata kuona mwanamke kama huyu. Hakugombana na mtu, hakwenda kituoni, na Mzee Athman anatembea tena. Nikala kiapo mbele yake, mkono juu: baiskeli yangu haitapanda tena sakafu ile maisha yangu yote. Akaitikia amina.

Jumatatu, 9 Februari

Siku ya kwanza ya dereva Musembi. Akina mama wa kanisa walipanga mstari kunitazama. Gari lilinizimikia mara nne tu.

Mbele ya maduka nikakwama. Lori lilikuwa linashusha saruji, limeziba barabara nzima, na mashimo pande zote. Dakika ishirini na tano. Mikate inapoa. Hotelini saa moja na dakika kumi, na mpishi yule yule, na saa ile ile.

Lakini pale nilipokwama nilikuwa na wakati wa kutazama kushoto. Sakafu ya maduka. Nyeupe, imefagiwa, haina mtu. Vigoda vimeondolewa, maana Mzee Athman sasa anajiendea mwenyewe na wazee wote wamerudi kunywa kahawa kona. Hakuna baiskeli hata moja inayothubutu kupita pale. Sijapata kuiona njia iliyo wazi namna ile. Kazi ya mikono ya Bi Mastura, Mungu amzidishie umri.

Kiapo changu nitakiheshimu. Kilikuwa cha baiskeli.

Jioni nimerudi na kamba ya Mwikali ya kuanikia nguo, nikapima. Pikapu ina upana wa futi tano na nusu. Sakafu ni futi saba. Inabaki futi moja na nusu nzima, na Mzee Athman ni mwembamba.