Mwenyeji wa Bonde la Kisima

Jumatatu, 4 Machi

Msiba. Nimefungua mchezo saa ya chakula, nyuma ya rafu ya bolti, nikakutana na tangazo. Wenye mchezo wanasema sehemu za kuanzia zimekuwa nyingi mno. Zipo tatu: Kisiwa cha Ukungu, Msitu wa Taa na Bonde la Kisima. Wachezaji wachague wanayoipenda kuliko zote. Itakayopata kura nyingi itabaki, mbili zitafungwa Jumapili saa kumi alasiri.

Bonde la Kisima! Kwangu! Miaka miwili na miezi minne nimo mle. Kila kuku namjua. Kofia ya msagaji iliyopotea najua ilipo: chini ya daraja la mbao, upande wa kushoto. Mgeni akiingia, pekupeku, hajui mbele wala nyuma, wa kwanza kumwona ni mimi. Nimesimama kisimani, na juu ya kichwa changu pameandikwa Mwenyeji. Wageni wananiita mkuu. Hakuna mahali pengine popote ninapoitwa mkuu.

Bonde lina kasoro moja, nayo ni sheria. Ukifika ngazi ya kumi lango linafunguka, unatolewa nje, na huwezi kurudi tena. Mimi nipo ngazi ya tisa tangu mwaka juzi. Si kazi ndogo. Mgeni ukimsaidia anaweza kubonyeza kitufe cha Shukrani, na kila shukrani inakuongezea alama kumi. Kwa hiyo nawakataza wasibonyeze. Wao wanadhani ni unyenyekevu. Na kila Jumamosi naenda kusimama katikati ya mabata bukini mpaka waniue, maana ukifa unapunguziwa alama. Mabata wameshanizoea, hawanicheleweshi.

Jioni mke wangu aliuliza kwa nini sura imenishuka. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimeandika barua ya kuomba usimamizi wa ghala. Usaili ni Ijumaa. Nikasema bado naitafakari. Akasema naitafakari mwaka wa kumi na moja huu.

Jumanne, 5 Machi

Hesabu ya kura: Kisiwa 136, Msitu 88, Bonde 97. Aibu tupu.

Nimeandika makala na kuiweka kwenye ubao wa wachezaji: Sababu Ishirini na Nne za Kulipenda Bonde la Kisima. Sababu ya kumi na saba pekee, ile ya mwangwi wa ndoo, ilinichukua nusu saa. Nimepata jibu moja. Mtu aliuliza kama kuna muhtasari.

Mpinzani wangu yumo humu humu kazini. Ni Miwani, binti wa dawati la mapokezi ya mizigo. Aliingia Julai iliyopita hajui spana na koleo. Nilimwonyesha kila kitu: glavu zilipo, fomu ya kijani na fomu ya njano, choo kipi kina maji. Hata mchezo nilimwingiza mimi. Alikaa Bondeni siku mbili, akaokota kofia, akaondoka. Sasa yupo ngazi ya hamsini na moja na ana farasi anayeruka. Ananipigia kura? Wapi! Amekipigia Kisiwa. Anasema pale kuna mtumbwi mmoja tu, ukishajua kupiga kasia umeshaondoka, na sehemu nzuri ya kuanzia ni ile isiyomng'ang'ania mtu.

Nikamwambia hana shukrani, kofia nilimwonyesha mimi. Akakubali ni kweli, akasema ahsante. Kisha akauliza kama naomba ule usimamizi, kwa sababu nikiomba yeye ataacha, mimi ndiye mkongwe na anaona vibaya kunipita. Nikamjibu Ijumaa nina shughuli za maana zaidi.

Jumatano, 6 Machi

Nimelipata! Wiki hii tunagawa buti mpya. Watu arobaini na watatu, madereva, wapakiaji na walinzi, na kila mmoja lazima apite kaunta yangu kusaini fomu. Nimeongeza mstari chini ya fomu, herufi ndogo: mpokeaji awe amejiandikisha na kulipigia kura Bonde la Kisima. Nikagonga muhuri. Muhuri ukigongwa hakuna anayeuliza.

Kikwazo: mgeni hapigi kura mpaka amalize kazi ya kwanza, yaani kuipata kofia ya msagaji. Haidhuru. Kofia ndiyo fani yangu.

Alhamisi, 7 Machi

Dereva wa folklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo, alikuja juu. Alisema amevaa buti miaka ishirini na hajawahi kudaiwa kofia ya mtu. Nikamwonyesha muhuri. Akanung'unika, akaingia. Baada ya dakika kumi nikamkuta amekaa juu ya folklifti iliyozimwa, anawafokea mabata. Mlinzi wa getini ametumbukia kisimani mara tatu. Wote wananiuliza mimi. Mkuu, huku. Mkuu, njoo. Kichwa kimenivimba, nakiri.

Mmoja alitaka kubonyeza Shukrani. Nilipiga kelele hadi karani wa mlango wa pili akaja kuangalia nani ameangukiwa na boksi.

Meneja naye alipita. Aliuliza kwa nini wapakiaji wote wameketi juu ya mizigo wanatazama simu. Nikasema ni mafunzo. Akafurahi kupita kiasi. Akasema mtu mwenye kujituma namna hiyo ndiye anayemtafuta, na ananitegemea kwenye usaili kesho saa kumi. Nimejipalia makaa.

Ijumaa, 8 Machi

Nilivaa shati jeupe kumridhisha mke wangu. Alilipiga pasi mwenyewe, mikono yote miwili.

Saa tisa na nusu walikuwa wamebaki kumi na wawili bila kofia. Saa kumi kasoro tano walibaki saba. Nilisimama pale na simu mkononi, natazama mlango wa ofisi, natazama Bonde. Ofisini kungekuwa na watu watatu nyuma ya meza wananiuliza ninajua nini. Bondeni walikuwepo watu saba wanaojua kwamba ninajua. Nikaenda nyuma ya rafu ya bolti.

Miwani alipita, akaniona, akaniuliza kama siingii. Nikamwambia aende yeye. Alisimama kidogo, kana kwamba anangoja nibadili kauli. Kisha akaenda.

Mke wangu aliuliza usaili umekwendaje. Nikajibu mambo kwa ujumla ni mazuri. Nilikuwa nazungumzia kura.

Jumamosi, 9 Machi

Ni siku ya mabata, lakini leo sikwenda kufa. Kampeni imenibana. Nina alama 9,610, mwisho ni 10,000. Nafasi ipo tele, na hakuna anayebonyeza.

Kura: Kisiwa 140, Bonde 140! Inahitajika moja tu. Nimemwomba mke wangu. Amecheka sana, kisha akaacha kucheka. Amesema amejua sikuingia kwenye usaili, na atajiandikisha kwa sharti kwamba nafasi nyingine ikitokea kazini nitaandika barua bila kutafakari. Nimeapa. Siku kama hii mtu anaapa chochote.

Jumapili, 10 Machi



Mke wangu aliingia Bondeni saa tisa na robo. Kofia aliipata kwa dakika nne, bila kuniuliza. Aliangalia chini ya daraja kwa sababu, anavyosema, huko ndiko vitu vyangu vyote hupotelea, chini ya kitu. Akapiga kura. Saa kumi ikafika: Bonde 141, Kisiwa 140. Tumeshinda! Niliruka mpaka kiti kikaanguka.

Wenzangu wa ghala walikuwa wamekuja kisimani kunipongeza, thelathini na wanane, kila mtu na kofia kichwani. Niliona fahari nisiyoweza kuieleza. Ndipo mlinzi wa getini akaandika kwamba Miwani amewakumbusha ustaarabu: aliyesaidiwa hubonyeza Shukrani. Niliandika hapana. Niliandika jamani. Vidole vyangu ni vizito, wao walikuwa thelathini na wanane.

Nikatazama alama. 9,990. Nimebakiza kumi. Nikaapa kuwafuata mabata saa hiyo hiyo.

Mke wangu, ameketi pembeni yangu, akasema hata yeye hawezi kuondoka kwa mwenyeji wake bila kumshukuru. Akabonyeza.

Tarumbeta. Mwanga wa dhahabu. Lango likafunguka na mimi nikasukumwa nje kama taka. Nje ni njia ya matope na kibao kimoja: Karibu Ulimwenguni. Watu wanapita juu na farasi wao, hawasalimu. Nilitembea hatua tisa, nungunungu akaniua. Lango limefungwa. Mke wangu alinipigia makofi. Alidhani nimefaulu.

Jumatatu, 11 Machi

Miwani ndiye msimamizi wa ghala. Nilikuwa na maneno makali tayari, lakini hakuja kunicheka. Alikuja kusema anahitaji naibu, kwamba anayelijua ghala hili kuliko wote ni mimi, na barua imfikie kabla ya Ijumaa. Aliniita kaka. Nikasema nitatafakari.

Mke wangu amenikumbusha kiapo. Amenunua hata bahasha, ameiweka juu ya meza, juu ya shati.

Nitaandika. Ila kwanza kuna jambo la dharura.

Saa ya chakula nilijiandikisha upya kwa jina la Mgeni Tu. Nikatokea kisimani, pekupeku. Na nani amesimama pale, kifua mbele? Dereva wa folklifti! Ngazi ya tisa tayari, amepanda kwa kuwapiga mabata. Juu ya kichwa ameshabadili jina: Mwenyeji Mkuu. Aliniuliza kama najua kuvaa viatu. Akaniambia kofia iko chini ya daraja, upande wa kulia. Wa kulia! Niliumia moyoni. Nikamwita mkuu. Nikabonyeza Shukrani.

Nimepiga hesabu. Amebakiza alama mia sita na hamsini. Kila akinisaidia jambo jipya nabonyeza, alama kumi. Mambo sitini na tano, lango linafunguka, anasukumwa nje, na kisima ni changu. Leo amenifundisha viatu, kofia na ndoo. Bahasha nimeiazima kidogo, nimeandika nyuma yake orodha ya maswali yaliyobaki. Kesho nitamwuliza kuku ni yupi.